Pwani ya Wabaski Wakati wa Baridi: Maswali Yenu, Majibu Yetu

Toleo hili tumelitenga kwa barua zilizouliza jambo moja: safari ya Desemba hadi Februari katika miji ya pwani ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania na kona ya kusini-magharibi ya Ufaransa.

Mimi na mume wangu tuna siku nane katikati ya Januari. Tunataka kuona Bilbao, San Sebastián, Biarritz na vijiji vya katikati. Tumepanga kukodi gari na kulala kila siku mji tofauti. Mnaonaje?
*Msomaji, Nairobi*

Dada, punguzeni vitanda. Katikati ya Januari jua la huko huchomoza kama saa mbili na dakika arobaini asubuhi, na huchwa karibu saa kumi na mbili jioni. Hoteli nyingi hazitoi chumba kabla ya saa nane au tisa mchana, nazo zinataka mtoke kabla ya saa sita. Mkihama kila siku, mwanga wote utaishia kwenye kukokota masanduku juu ya mawe yaliyolowa. Laleni Bilbao siku tatu na San Sebastián siku nne. Kwingine kote mwende na kurudi.

Gari liacheni. Maegesho ya San Sebastián ni ghali na ya shida, na vijiji vingi mnavyovitaka vina treni au basi. Kutoka uwanja wa ndege wa Bilbao, ulioko Loiu, basi namba A3247 huingia mjini kwa muda usiofika nusu saa. Nunueni kadi ya Barik kwenye mashine za vituo vya metro, euro 3. Isiyo na jina inaweza kutumiwa na watu zaidi ya mmoja: iguseni mara moja kwa kila abiria wakati wa kupanda, na vivyo hivyo wakati wa kushuka kwenye metro na treni. Ukivuka kuingia Ufaransa haifanyi kazi tena.

Jihadharini na majina, maana mbao nyingi za vituo huandikwa Kibaski kwanza. San Sebastián ni Donostia. Upande wa Ufaransa, Hendaye ni Hendaia, Bayonne ni Baiona, na Saint-Jean-de-Luz ni Donibane Lohizune. Watu hukaa kituoni wakiitazama treni yao ikiondoka.

Sasa siku zenyewe. Jumba la makumbusho la Guggenheim, lililofunguliwa 1997, hufungwa Jumatatu wakati wa baridi, na makumbusho mengine mengi ya eneo hilo hufuata desturi hiyo. Jumatatu basi pandeni treni ndogo ya Euskotren mwende Gernika, mwendo wa chini ya saa moja, kwa sababu Jumatatu ndiyo siku ya soko la huko. Lilikuwa hivyo hata tarehe 26 Aprili 1937, ndege za Kijerumani na Kiitaliano zilipoushambulia mji huo kwa mabomu. Reli hiyohiyo huendelea hadi Mundaka na Bermeo, mji wa wavuvi hasa. Mkiwa Bilbao msikose daraja la Bizkaia, lililojengwa 1893: halina barabara juu yake, bali kibanda kinachoning'inia kwa nyaya na kuvusha watu na magari juu ya mto. Metro inawafikisha pale.

Kutoka Bilbao hadi San Sebastián pandeni basi. Linachukua kama saa moja na robo. Treni ya Euskotren kwa njia hiyohiyo hupita saa mbili na nusu, kwa kuwa ni reli nyembamba ya mita moja, upana ule wa reli yetu ya zamani ya Mombasa, nayo huzunguka vilima na kusimama kila mahali. Itumieni kwa vipande vifupi: San Sebastián hadi Zarautz au Zumaia. Getaria haina stesheni. Shukeni Zarautz mtembee kilomita nne kando ya bahari, au mchukue basi ikiwa mawimbi yanarusha maji barabarani. Getaria ndiko alikozaliwa Juan Sebastián Elcano, aliyekamilisha mzunguko wa kwanza wa dunia 1522, na pia mbunifu wa mavazi Cristóbal Balenciaga, mwenye makumbusho yake hapo.

Kwa upande wa Ufaransa, treni iitwayo Topo hutoka kituo cha Amara mjini San Sebastián hadi Hendaye kwa muda wa dakika 40 hivi, kwa kawaida kila nusu saa. Inaishia pembeni mwa stesheni ya reli ya Ufaransa, ambako mtapanda treni ya Saint-Jean-de-Luz, Biarritz na Bayonne. Hapa ndipo wengi wanapokosa chakula. Hispania watu hula mchana kuanzia saa saba na nusu hadi saa tisa na nusu. Ufaransa jiko hufungwa saa nane. Ukivuka saa saba unusu ukidhani una muda, utapata mkate mkavu. Ama ondokeni mapema, ama kuleni Irun kabla ya kuvuka. Stesheni ya Biarritz nayo iko kilomita tatu hivi kutoka ufukweni. Bila basi la mji mtalowa njiani. Kwa maoni yetu, mkiwa na siku moja tu Ufaransa, Bayonne inaishinda Biarritz wakati wa baridi: ni mji wa watu wanaoishi hapo, una vichochoro vyenye paa za kujikinga na mvua, na maduka ya chokoleti, kazi iliyoletwa na Wayahudi waliokimbia Hispania na Ureno.

Msifunge ratiba siku kwa siku. Kila jioni angalieni utabiri wa Euskalmet, idara ya hali ya hewa ya Wabaski, kisha mchague: kukiwa kukavu, kijiji, kukinyesha, makumbusho. Jumapili maduka makubwa upande wa Hispania hufungwa, kwa hiyo nunueni maji na matunda Jumamosi. Na baada ya tarehe 20 Januari baa na mikahawa mingi huchukua likizo yake, hivyo pigeni simu kabla ya kusafiri kwa ajili ya meza moja.

Viza niombe Hispania au Ufaransa? Na nikivuka kwa treni nitahitaji mhuri mwingine?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Viza ya Schengen ni moja kwa nchi zote mbili, nawe unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukilala Hispania siku zote na kwenda Ufaransa mchana tu, ni Hispania, hata kama ndege yako inatua kwanza Amsterdam. Siku zikilingana, ni ile unayoingia kwanza. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Kwa safari ya Januari usingoje Desemba, kwa kuwa sikukuu hupunguza kasi ya kila ofisi. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iwe hai kwa miezi mitatu zaidi baada ya siku utakayotoka.

Kinachokwamisha wengi ni karatasi zisizoafikiana: barua ya kazi inataja likizo ya siku kumi, tiketi siku kumi na mbili, hoteli siku tisa. Zilinganishe kabla hujaziwasilisha.

Mpakani hakuna mhuri, lakini polisi wapo. Ufaransa imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake na nchi nyingine za Schengen tangu 2015, na stesheni ya Hendaye ni mojawapo ya sehemu ambako askari husimama. Watetezi wa haki wamelalamika mara kwa mara kwamba watu weusi na Waarabu ndio wanaosimamishwa zaidi. Beba pasipoti yenyewe, maana nakala au picha kwenye simu haitoshi, na jina la hoteli uwe nalo limeandikwa.

Tunasafiri familia ya Kiislamu. Tumeambiwa kila kitu huko kina nguruwe au mvinyo. Tutakula nini?
*Msomaji, Mombasa*

Ndugu yetu, si kila kitu, ila mitego ni mingi, na mingine haionekani. Vile vitafunio vya baa viitwavyo pintxo, vinavyopangwa juu ya kaunta, mara nyingi vina jamón, yaani paja la nguruwe lililokaushwa. Kroketi karibu zote zina vipande vyake hata kama haijaandikwa. Maharagwe meusi ya Tolosa, chakula kikuu cha baridi, hupikwa au huandaliwa pamoja na soseji za nguruwe. Usiulize kama chakula “hakina nyama”, kwa sababu wapo wahudumu wasioihesabu jamón kuwa nyama. Uliza hivi: “¿Lleva cerdo? ¿Lleva jamón?”

Mvinyo ni mgumu zaidi kuugundua. Samaki wa mchuzi wa kijani, *salsa verde*, kwa kawaida hutiwa mvinyo mweupe. Kaa wa *txangurro* hutiwa brandi. Keki ya Kibaski, hasa upande wa Ufaransa, mara nyingi ina ramu ndani ya kastadi. Swali ni “¿Lleva vino o licor?” Samaki wa kuchoma, *a la parrilla*, ni salama zaidi, ila mwambie mpishi asimnyunyizie kitu.

Chewa wa chumvi wa *pil-pil* ndiye tungemweka mbele: mafuta ya zeituni, vitunguu saumu, pilipili, na samaki mwenyewe. Mchuzi wake mzito hutokana na utandu wa ngozi ya samaki unaochanganyika na mafuta sufuria ikitikiswa polepole. Kwenye baa, *gilda* ni zeituni, dagaa wa chumvi na pilipili kwenye kijiti kimoja. Kimanda cha viazi, *tortilla de patatas*, kwa kawaida hakina nyama. Jibini ya Idiazabal hugandishwa kwa kimea cha tumbo la mwanakondoo, kwa wale wanaolizingatia hilo. Nyama ya halali Bilbao mtaipata mtaa wa San Francisco, ng'ambo ya mto kutoka mji wa kale, wenye mabucha na mikahawa ya wahamiaji.

Chakula cha usiku huanza saa tatu. Wenye watoto wale kizito mchana: *menú del día* siku za kazi ni sahani mbili, mkate, kitamu na kinywaji kwa bei moja, mara nyingi euro 15 hadi 20. Ombeni maji badala ya mvinyo unaokuja nayo.

Kijana wangu anasoma Bordeaux. Anataka nimtembelee twende Zumaia tutembee chini ya majabali. Mimi ni mtu wa bahari. Je, maji ya huko hupwa kama kwetu?
*Msomaji, Chake Chake, Pemba*

Mzee wetu, shikamoo. Hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti hupita mita nne. Mpaka hapo umo kwenu. Siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi, wakati mzuri wa mwanga. Siku za maji mafu hupwa kidogo tu, na mara nyingi jioni. Basi chagueni tarehe kwa mwezi: siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mpevu.

Tofauti ni kwamba huko hakuna mwamba wa nje wa kuvunja mawimbi. Ufukwe wa Itzurun, huko Zumaia, umeikabili Atlantiki wazi, na mawimbi ya baridi huzaliwa na dhoruba zilizo mbali kaskazini-magharibi. Yanaweza kufika siku ya jua na upepo mwanana. Huja kwa mafungu: dakika kumi za utulivu, kisha matatu au manne makubwa yanayofagia jiwe ulilosimama. Usiyapime kwa macho. Euskalmet ikitoa onyo la mawimbi, la njano au zaidi, msishuke. Tazameni kutoka juu, kwenye kanisa dogo la San Telmo.

Kukiwa shwari, shukeni saa mbili kabla ya maji kupwa na mwanze kurudi yakifika mwisho. Tafuteni viatu vya mpira vyenye meno, kwa sababu matabaka yale yana mwani wa kijani unaoteleza. Kijana akuonyeshe tabaka jembamba la miaka milioni 66 iliyopita, zama zile dinosauri walipotoweka.

Kanuni hiyohiyo inahusu San Sebastián: njia ya Paseo Nuevo na vyuma vya mchongaji Chillida kwenye miamba hufungwa bahari ikichafuka. Kamba ikiwekwa, msiivuke kwa ajili ya picha.

Tuna likizo ya wiki moja. Tuifuate ngoma ya tarehe 20 Januari San Sebastián?
*Msomaji, Leicester*

Ifuateni, mradi mjue mnachokiendea. Tamborrada huanza saa sita ya usiku wa tarehe 19 kwa kupandisha bendera uwanja wa Konstituzio, na huisha saa sita usiku wa tarehe 20. Ni saa 24 za ngoma na mapipa, vikundi vimevaa kama wapishi na wanajeshi wa zama za Napoleon. Watoto hupita mchana wa tarehe 20, na hapo ndipo pa kuonea vizuri bila kusukumana. Chumba kitafuteni miezi kadhaa kabla, na kiwe mtaa wa Gros au Amara. Ndani ya mji wa kale hamtapata usingizi. Maduka hufungwa siku hiyo.

Nivae nini? Huku kwetu Muscat sina hata sweta.
*Msomaji, Oman*

Baridi si ya theluji. Mchana Januari ni nyuzi 12 hivi, usiku 5, na upepo wa kusini ukivuma hupanda hadi 20. Tatizo ni maji: San Sebastián hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, nyingi zikiwa manyunyu marefu. Mwavuli huvunjwa na upepo; nunua koti lisilopenyeza maji lenye kofia, ndani sweta jepesi la sufu na fulana. Viatu jozi mbili, moja ikikauka.

Upepo huohuo wa kusini hutikisa ndege zinazotua Bilbao, kwa kuwa unapita juu ya vilima vilivyo karibu na uwanja, na nyingine huelekezwa Vitoria, Santander au Biarritz. Tiketi zako zote ziwe kwenye hati moja, ili ukikosa ndege ya kuunganisha shirika likupangie nyingine.