Jibu: Nakuru hadi Kitale kwa baiskeli, kupitia Iten na Cherangani

Ndugu wa Nakuru, umeuliza kama baiskeli ya mtumba ya milimani, magurudumu inchi 26, itakufikisha Kitale kwa njia ya Kabarnet, Iten na vilima vya Cherangani, na kama pesa kidogo ulizo nazo uziweke kwenye tairi au kwenye gia. Itakufikisha. Pesa weka kwenye gia. Nimepita huko na mzigo nyuma, nakueleza nilivyoona.

Safari hii usiipime kwa kilomita, ipime kwa mita za kupanda. Nakuru iko kama mita 1,850. Unavuka ikweta Mogotio, unateremkia joto la Marigat, halafu unapanda tena hadi Kabarnet, kama mita 2,000. Hapo mtu hujiona amemaliza. Kumbe bonde la Kerio lote bado liko mbele: unashuka mpaka daraja la Chebloch, kisha Biretwo, kisha kona za Tambach hadi Iten, mita 2,400. Mlima huo peke yake unazidi mita 1,000, na wote ni lami safi. Wengi wanaogopa mawe, lakini hapa ndipo wanaposhindwa.

Hesabu yake ni hii. Ukiwa na gia ya meno 22 mbele na 34 nyuma, pedali ikizunguka mara moja unasogea kama mita 1.35. Baiskeli ya mbio yenye 34 mbele na 28 nyuma inakusogeza mita 2.5 hivi, maana yake kila mzunguko magoti yanainua karibu mara mbili ya kazi. Ukiwa na kilo 15 kwenye kariya, hiyo ndiyo tofauti ya kupanda ukiwa umekaa na kupanda ukisukuma. Kusukuma si aibu. Waliobeba magunia kwa Black Mamba, zile baiskeli nzito za zamani, milima yote hii walishuka wakasukuma. Ila jua la Kerio si la kusukumia baiskeli saa sita mchana. Vuka bonde alfajiri, na maji ujaze Kabarnet, usingoje ya njiani. Ukikaribia Iten wakimbiaji watakupita kama umesimama. Waache wapite.

Kabla ya hapo kuna mteremko wa kutoka Kabarnet. Breki zako ni zile za kubana rimu, na ukizishikilia mfululizo na mzigo, rimu inapata moto hadi tyubu inaweza kupasuka. Shika, achia, shika tena. Simama mahali penye nafasi, rimu zipoe, uangalie bonde. Raba za breki za akiba ubebe mwenyewe.

Hiyo inchi 26 usiidharau. Tairi na tyubu zake utazipata hata kwenye maduka madogo, wakati saizi mpya zitakurudisha Eldoret. Hakikisha tu vali ni ile nene kama ya gari. Kila steji ya boda ina fundi wa pancha, na pampu yake inaingia kwenye vali hiyo moja kwa moja. Ukimletea ile nyembamba ya baiskeli za mbio, atakutazama tu. Tairi za upana wa inchi 2 zatosha.

Baada ya Iten lami inakupeleka hadi Kapsowar, na ukiingia Cherangani kwenyewe ndipo barabara za udongo zinaanza. Kukiwa kavu ni raha tupu: misitu, kondoo, mawingu yanakupita chini. Mvua ikinyesha, udongo unajaa kati ya tairi na fremu, gurudumu halizunguki tena. Nenda Desemba hadi Februari. Usiku kuna baridi kali, kwa hiyo jaketi na kofia visikose hata kama Marigat ulikuwa unalowa jasho.

Kuna watakaokushauri ushuke Tot, chini kwenye bonde la Kerio, ukaone mifereji ambayo Wamarakwet wamechimba kandokando ya ukingo wa bonde tangu zamani. Ni kweli ni ya ajabu. Lakini barabara ya kupandia kutoka Tot ni mawe yanayoteleza chini ya tairi, na bonde lile limesumbuliwa sana na wizi wa mifugo. Februari 2023 serikali ilipeleka jeshi. Mvua nayo huleta maporomoko, kama ya Chesegon Aprili 2020. Mimi ningebaki juu. Kama lazima ushuke, uliza kwa chifu au kituo cha polisi asubuhi ileile, maana habari ya jana huko haisaidii.

Pa kulala, piga hodi shuleni, kanisani au kwa chifu kabla ya saa kumi na mbili jioni, ujitambulishe vizuri. Mimi sijawahi kufukuzwa, na mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, nimepewa zaidi ya nilivyoweza kunywa. Kutoka Kapcherop, kupitia Kachibora hadi Kitale, sehemu kubwa ni kuteremka. Ukichoka kabla ya hapo, matatu zinapakia baiskeli juu. Mpatane bei kabla haijafungwa kamba.