Kwa mnaoanza kazi ya kupokea wageni Opera ya Oslo

Wadogo zangu, kabla ya kukariri namba za viti, anzeni nje. Fikeni saa nzima kabla ya zamu, mpande lile paa la marumaru nyeupe ya Carrara, Italia, tangu linapoibuka majini mpaka kileleni. Mtaona pale jiwe linapoinuka ghafla na kumkwaa mtu anayetazama bahari. Mgeni mwenye mkongojo akiuliza pa kupita, mtamjibu kwa njia mliyoikanyaga wenyewe. Na baridi ikikaza, jiwe lile huteleza kama sabuni.

Hapa Bjørvika, mtaa huu wa Oslo ulio ufukweni, palikuwa na bandari na barabara kuu. Siku hizi magari yanapita kwenye handaki chini ya maji. Jumba lilipofunguliwa mwaka 2008, wasanifu wake, Snøhetta, walikuwa wamelichora ili mtu yeyote apande bila kulipa. Kwa hiyo anayeingia kutafuta choo, theluji ikimchuruzika viatuni, ni mgeni wako sawa na mwenye tiketi. Hili nalishikilia kuliko yote. Wiki yangu ya kwanza alikuja mama na watoto wawili, akasita mlangoni. Nilimwuliza tiketi kabla sijamsalimu. Akageuka, akawashika watoto mikono, akaondoka. Hakuna aliyenikemea, lakini mgongo wa yule mama ninao mpaka leo.

Ukumbi mkubwa una viti 1,364, umepinda kama kwato ya farasi. Milango yake jifunzeni kwa miguu, ramani haitoshi. Aliyechelewa mzuieni kwa upole na mwelezeni sababu: mlango ukifunguka, mwanga wa nje unakata giza lote. Akijua ataingia lini, hasira hushuka.

Nyuma ya kila kiti kuna kioo kidogo kinachoonyesha kwa maandishi maneno yanayoimbwa. Waonyesheni wageni namna ya kuchagua lugha taa zikiwa bado zinawaka. Mtu akianza kubonyezabonyeza gizani, jirani yake hana raha tena.

Watoto watawauliza kuhusu pazia. Linaonekana kama karatasi ya fedha iliyokunjwakunjwa, kumbe ni kitambaa bapa kilichofumwa, kazi ya msanii Pae White. Wapeni nafasi walitazame, msiwaharakishe kukaa.

Halafu viatu: soli laini ya mpira. Muziki ukishuka, kiatu kinacholia husikika mpaka balkoni ya juu.