Kura uliyoniuliza, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Salaam nyingi. Sisi huku wazima, ila kusi imeanza kuvuma na bati la jikoni linapiga makelele usiku kucha. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, ya pili nikacheka, ya tatu ndipo nikakuelewa. Ulisema: "Mama, wote ni wale wale. Tuliandamana, wenzetu wakauawa. Mwaka kesho nipange foleni ya nini?" Nikaona hili si la kujibiwa kwa simu, bando likatike katikati.

Sitakudanganya kwamba wagombea ni wazuri. Niliowapa kura mimi, wengine walibadilisha nambari za simu kabla wino haujanitoka kidoleni.

Na ukidhani wewe ndiye uliyevunjwa moyo, nisikilize. Mwaka 1988 nilikuwa msichana wa miaka ishirini na moja. Hapa Kenya chama kilikuwa kimoja, KANU, na uteuzi wa wagombea ulikuwa wa mlolongo: unasimama nyuma ya mtu aliyeshika picha ya mgombea wako, mnahesabiwa mchana kweupe kama mbuzi wa mnadani. Ilikuwa uwanja wa shule. Mlolongo wetu ulizunguka mkorosho ukafika hadi vyooni. Ule wa pili haukufika hata mwisho wa darasa la kwanza. Ofisa akapita na kidole chake, akaandika, akatangaza kwamba aliyeshinda ni yule wa mlolongo mfupi. Na sheria ya chama ilikuwa kwamba anayepita asilimia 70 pale uwanjani anapita bila kupingwa, kwa hiyo uchaguzi wa Machi ulipofika, kiti chetu kilikuwa kimeshakaliwa. Babu yako alikuwa mbele yangu. Alivua kofia, akaikung'uta vumbi, akaivaa, tukaenda zetu nyumbani. Njia nzima hakuna aliyesema neno.

Hasira ya mlolongo ule haikuishia uwanjani. Maaskofu waliikemea mimbarini, mawakili mahakamani, watu wakafungwa. Kufikia Desemba 1992 tulikuwa na vyama vingi na sanduku la siri. Kura za urais zikaendelea kujumlishwa mbali na macho yetu kwa miaka mingi, sikatai. Lakini mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo ya urais yanayotangazwa katika eneo bunge, yakijumlishwa kutoka vituoni, ndiyo ya mwisho, hakuna wa Nairobi wa kuyageuza.

Nimeyaona hayo kwa macho yangu, maana mwaka 2022 nilikuwa karani kituoni, unakumbuka. Tulihesabu kwa taa ya sola hadi karibu na alfajiri. Msimamizi anainua karatasi, anaigeuza upande huu na ule mawakala waione, anasoma jina, inawekwa kwenye fungu lake. Moja moja. Wakala mmoja alikuwa akisinzia, mwenzake wa chama pinzani ndiye aliyemwamsha, "Angalia, usije ukasema tumekuibia." Tulipomaliza, Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, ikabandikwa mlangoni, na kijana wa bodaboda akaja kuipiga picha kwa simu. Nikamkumbuka yule ofisa wa mkoroshoni. Enzi zake hesabu ilikuwa mdomoni mwake. Sasa iko mlangoni na mwenye bodaboda anayo mfukoni.

Babako, Mungu amrehemu, alikuwa na msimamo kama wako. Baada ya yale ya mwaka 2007, watu zaidi ya elfu moja wameuawa, aliapa kwa jina la Mungu kwamba hatapiga kura tena. Miaka miwili akawa kimya. Ikaja kura ya maoni ya katiba, Agosti 2010. Asubuhi nikamwona amevaa kanzu, kitambulisho mkononi. Nikamuuliza, na kile kiapo? Akasema, "Nitakifungia." Na kweli alifunga siku tatu za kafara. Mimi nilimpikia uji wa kufuturu huku namcheka.

Sasa hili la kususia. Oktoba 2017, marudio yale baada ya Mahakama ya Juu kufuta matokeo ya urais, watu wengi waligoma. Waliofika ni takriban asilimia 39 tu. Ulidhani kikatokea nini? Mshindi alipata asilimia 98, akaapishwa. Katiba yetu inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Haisemi popote kwamba lazima wafike watu kadhaa. Ukikaa nyumbani unafikiri unamnyima mtu kitu. Kumbe umempunguzia tu hesabu ya kushinda.

Angalia 2022. Waliojiandikisha milioni 22.1, waliopiga kura kama milioni 14.3. Waliobaki nyumbani ni zaidi ya milioni 7.7, na mshindi alipata milioni 7.18. Tofauti yake na wa pili ilikuwa kama 233,000. Wasiofika ndio waliokuwa wengi kuliko wote, na hawakuchukua hata kiti kimoja.

Na wewe, mwanangu, hukupiga kura pia. Ulikuwa na miaka 23. Juni 25, 2024, wabunge 195 wakaukubali ule Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi, mliouandamania, 106 wakaukataa. Kesho yake Rais akasema hautii sahihi, kwa sababu yenu barabarani. Silidharau hilo, nililia mbele ya televisheni kwa hofu nikitafuta uso wako. Lakini wengi wa hao 195 waliingia mle kwa karatasi, na karatasi hizo zilipopigwa wewe ulikuwa umelala. Aliyekufa pale hakufa ili uniulize foleni ni ya nini. Samahani, nimekuwa mkali.

Karatasi za kura ni sita, si moja. Usiyemtaka kwa urais usikufanye uziache nyingine tano. Kituoni kwetu, mwakilishi wadi aliyeongoza alimpita mwenzake kwa kura kumi na moja. Nyumba mbili za majirani zetu.

Usijiandikishe huku nyumbani kwa ajili ya kunifurahisha. Andikisha hapo unapokaa, mfereji unaofurika mbele ya mlango wako uko Nairobi, hauko huku. Ofisi za Tume ya Uchaguzi ziko katika kila eneo bunge, unakwenda na kitambulisho tu. Kile cha zamani ulichokisahau kwenye kabati la babako nimekifunga ndani ya leso pamoja na nazi nne. Vinakuja na basi la usiku, uamke mapema ukavipokee.

Mamako