Weka nyundo pembeni: nilivyoishusha na kuifufua nguzo ya usukani ya Chevelle ya 1970

Usukani wa gari langu, Chevrolet Chevelle, ulikuwa unapwaya kama jembe lililolegea kwenye mpini. Ukiushika juu na kuuvuta, unakuja. Ukiusukuma, unarudi, na ndani unasikia ko, ko. Gari lenyewe ni Chevelle Malibu ya 1970, injini ya V8 ya inchi za ujazo 350, nililinunua hapa Ohio likiwa limelala bandani shambani kwa watu. Injini haikunisumbua sana. Kilichonimalizia majira yote ya baridi ni nguzo ya usukani, yaani lile bomba linaloibeba shafti ya usukani, na naandika haya kwa sababu naona wenzetu huku wanayanunua haya magari ya Kimarekani ya zamani yenye injini kubwa, halafu nguzo wanaifungua kama bomba la maji.

Zamani shafti ya usukani ilikuwa chuma kimoja kirefu kutoka kwa dereva mpaka stelingi boksi, lile sanduku la gia linalogeuza matairi. Gari likigonga kwa mbele, chuma kile kilirudi nyuma kama mkuki, na kifua cha dereva ndicho kilichokipokea. GM (General Motors, watengenezaji wa Chevrolet) walianza kufunga nguzo inayojikunja kwenye magari yao ya 1967, na kuanzia Januari 1968 sheria ya Marekani ikayabana magari yote mapya ya abiria. Kwenye Chevelle ya 1970 bomba la nje ni mawili yanayoingiana, na kati yake zimebanwa gololi za chuma. Ajali ikitokea, bomba moja linazama ndani ya jingine huku gololi zikilichimba, na nguvu ya pigo inaishia humo. Shafti ya ndani nayo ni vipande viwili vilivyoshikwa na pini za plastiki. Hata mkono unaoishikilia nguzo chini ya dashibodi umewekewa plastiki ili uachie wakati wake ukifika.

Nguzo yangu ya kwanza niliiua mwenyewe. Usukani ulikuwa umeganda kwenye meno ya shafti, pula (kifaa cha kuchomolea usukani) sina, nikarudisha nati nyuzi chache na kupiga ncha ya shafti kwa nyundo. Pigo la kwanza, kimya. La pili, shafti ikazama kama sentimita moja. Nilipoifungua baadaye nilikuta vipande vya plastiki nyeupe, vidogo kama punje za mchele. Zile zilikuwa pini. Nguzo ile sikuirudisha garini, nikatafuta nyingine kwenye yadi ya magari mabovu. Kwa hiyo usukani unatoka kwa pula tu: kitovu chake kina matundu mawili yenye uzi kwa kazi hiyo. Maduka mengi ya spea Marekani yanaazima pula kwa amana, na ukiirudisha unapewa hela yako.

Kabla ya kushusha, toa waya wa hasi wa betri, nyoosha matairi ya mbele, halafu chora mstari wa rangi kwenye shafti na kwenye kiungo cha mpira kinachoikutanisha na stelingi boksi. Kiungo hicho kina bolti mbili za unene tofauti, makusudi, ili usikifunge kinyume. Legeza nati zake, achanisha fito za gia, chomoa soketi za umeme, fungua bamba la sakafuni. Nati mbili za chini ya dashibodi ziwe za mwisho, na mtu awe ameshika nguzo. Ikining'inia kwa upande mmoja tu inaweza kupinda. Mimi nilitoa kiti cha mbele kwanza. Ni kazi ya dakika chache na mgongo utakushukuru.

Sasa ile ko, ko, ambayo hata nguzo ya yadi ilikuwa nayo. Nguzo za GM za kuinamisha, yaani zile ambazo usukani wake unainamishwa juu na chini, zina ugonjwa wao mmoja unaojulikana: bolti nne zilizofichwa ndani kabisa ya kichwa hulegea. Njia ya kuzifikia ni ndefu. Kwanza sahani ya loki iliyo chini ya usukani, ile inayoufunga usukani ufunguo ukitolewa, na hapo lazima uwe na kifaa cha kuikandamiza, maana springi iliyo chini yake ina nguvu na ile pete ya chuma inayoizuia ikichomoka inaweza kukutoa jicho. Vaa miwani. Inafuata swichi ya indiketa, kisha silinda ya ufunguo, kwa sababu tangu 1969 GM waliuhamisha ufunguo kutoka dashibodi kuja kwenye nguzo. Kabla ya silinda toa kwanza kile kipande cha kengele ya ufunguo. Ni chepesi na kikidondokea ndani utakitafuta hadi usiku. Baada ya hapo springi ya kuinamishia, halafu pini mbili za ubavuni. Zina uzi ndani, unazivuta kwa skrubu ndogo iliyopitishwa kwenye washa na soketi.

Nilipofika, bolti tatu kati ya nne nilizizungusha kwa vidole. Nilizisafisha nyuzi, nikapaka gundi ya kuzuia nati isilegee, nikazikaza kidogokidogo kwa kukingamana, moja halafu ya upande wa pili.

Kwenye rangi ndiko watu wengi wanakoharibu. Usikubali bomba lipelekwe kwenye rangi ya unga likiwa limeungana: rangi ile inaokwa kwenye tanuri, na kilicho cha plastiki ndani hakiwezi moto huo. Mchanga wa kupulizia nao unaingia kwenye gololi na beringi. Mimi nilitumia sabuni ya kuondoa mafuta, msasa wa maji na rangi ya kopo isiyong'aa sana, na ncha zote nikazifunga kwa tepu. Beringi ya juu niliweka mpya, grisi nyeupe kidogo tu. Swichi ya indiketa nayo nilinunua mpya, kwa sababu plastiki yake ilikuwa imekauka na kupasuka.

Wakati wa kurudisha, funga kila kitu kwa kulegea kwanza. Angalia kiungo cha mpira: kikiwa kimevutwa au kimepinda, sogeza nguzo hadi kikae sawa, ndipo ukaze. Bolti za mkono wa dashibodi ziwe zilezile zilizotoka. Ndefu zaidi inaweza kulibana bomba, na nguzo isijikunje siku unayoihitaji.

Kabla ya kutoka barabarani nilizungusha usukani kulia na kushoto hadi mwisho, nikauinamisha kila hatua, nikajaribu honi na indiketa, nikahakikisha ufunguo unatoka gia ikiwa kwenye P tu. Kisha nikaushika juu, nikauvuta kwangu kwa nguvu. Haukusogea.