Maswali na majibu: Darasa la Kiingereza, wodi ya Kichina

Msimu wa udahili umefika, na barua nyingi mlizoniletea zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mtu atasomaje chuo kikuu katika nchi ambayo hajui lugha yake? Nimechagua saba. Walioniuliza ada ya chuo kimoja kimoja waniwie radhi, kwa kuwa ada hizo zimeandikwa kwenye tovuti za vyuo vyenyewe, na anayeshindwa kuzitafuta huko bado hajawa tayari kusafiri.

Daktari, habari za kazi. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), na amepata chuo cha udaktari nchini China kinachofundisha kwa Kiingereza. Wakala anasema Kichina hakihitajiki kabisa. Tumwamini? (Mama, Morogoro)

Msimwamini, mama. Hakusema uongo mtupu, na hapo ndipo hatari ilipo. Ni kweli kwamba Wizara ya Elimu ya China imeviruhusu vyuo kadhaa kuwafundisha wageni udaktari kwa Kiingereza, na kwamba katika vyuo hivyo mihadhara na mitihani ya darasani huwa kwa Kiingereza. Lakini udaktari hausomwi darasani peke yake. Baada ya miaka ya mwanzo ya anatomia na fiziolojia mwanafunzi hupelekwa wodini, na huko mgonjwa ni Mchina, muuguzi ni Mchina, jalada limeandikwa kwa Kichina, na daktari bingwa anayeongoza mzunguko wa asubuhi hawezi kusimama kila kitanda amtafsirie mgeni mmoja.

Mimi nilisoma huko kwa mpango huohuo, tena nikiamini maneno hayohayo ya wakala. Mwaka wa nne nilipangiwa wodi ya magonjwa ya ndani, na mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa bibi mmoja aliyeletwa kutoka kijijini. Nilikuwa nimekariri swali moja, "nali bu shufu", yaani wapi hujisikii vizuri. Nikamwuliza. Alinijibu kwa muda mrefu, akishika tumbo, kisha mgongo, kisha akaninyooshea vidole vitatu na kunitazama akisubiri. Vidole vitatu vya nini? Siku tatu? Mara tatu kila usiku? Sikujua, naye alijua kwamba sikujua, akageuza uso ukutani. Mwenzangu Mchina alipofika alipata shida kidogo kwa sababu bibi alizungumza lahaja ya kwao, lakini aliniambia kwamba vidole vile vilikuwa miezi: alikuwa na maumivu kwa miezi mitatu na uzito wake ulikuwa ukipungua. Kila mwanafunzi wa udaktari anajua habari hiyo ina uzito gani kwa mtu wa umri ule, nami nilikuwa nimesimama mbele yake bila kuipata.

Zipo athari mbili ambazo wakala hazitaji. Kwanza, vyuo vingi vya aina hii humtaka mwanafunzi afaulu mtihani wa Kichina wa HSK, mara nyingi ngazi ya 4, kabla ya kupewa shahada, na ngazi hiyo katika mfumo wa ngazi 6 inadai maneno yapatayo 1,200. Pili, atakaporudi nyumbani, iwe Tanzania au Kenya, atakutana na mtihani wa baraza la taaluma kabla ya kuanza utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini. Mtihani huo humpima namna anavyomhoji mgonjwa, anavyompima na anavyofikia uamuzi, na mtu aliyekaa wodini miaka miwili nyuma ya migongo ya wenzake, akiangalia midomo ikienda, hana cha kuonyesha. Watu husema vijana waliosoma nje hawajui kazi. Wengi wao walisoma vizuri sana. Walichokosa ni kuzungumza na mgonjwa.

Kwa hiyo aanze Kichina sasa, kabla ya safari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Confucius tangu 2013. Na kabla ya kulipa hata senti moja, ulizeni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kama chuo hicho na programu hiyo vinatambuliwa. Swali hilo wazazi wengi huliuliza baada ya miaka sita, cheti kikiwa mkononi.

Je, naweza kusoma Ujerumani bila kujua Kijerumani? (Msomaji, Mwanza)

Kila msimu nalijibu swali hili, na kila msimu linakuja bila kutaja shahada wala fani. Shahada ya uzamili, ndiyo, programu za Kiingereza zipo nyingi. Shahada ya kwanza katika vyuo vya umma, ni chache. Udaktari wa binadamu katika vyuo vya umma, hapana: husomwa kwa Kijerumani. Naongeza jambo ambalo hukuuliza: usidanganyike na maneno kwamba masomo huko ni bure ukasahau kwamba ubalozi utataka uthibitisho wa fedha za kujikimu, na njia ya kawaida ni akaunti iliyofungwa, yaani ya benki ambayo fedha zake hutolewa kidogokidogo kila mwezi, na ambayo, kwa kiwango kilichoanza Septemba 2024, huwekwa euro 11,904 za mwaka mmoja. Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, ipo Dar es Salaam na Nairobi. Ada ya kozi yake ni ndogo mno mbele ya fedha hizo.

Shikamoo daktari. Nimepata ufadhili wa serikali ya Uturuki, lakini wananitaka nisome Kituruki mwaka mzima kabla ya kuanza shahada. Wenzangu wananicheka kwamba nimepoteza mwaka. Nikatae? (Msomaji, Nairobi)

Marahaba. Usikatae, na wanaokucheka usiwape nafasi ya kukuamulia maisha. Mwaka wa lugha unaolipiwa na mwenyeji ni sehemu ya ufadhili iliyo bora kuliko tiketi ya ndege. Utakaa darasani kila siku na watu wasiojua lugha hiyo kama wewe, utakosea bila kupoteza alama za shahada, na mwisho wake utatakiwa kufikia kiwango cha C1, ambacho kinakuwezesha kufuata mhadhara na kuandika kazi ya kitaaluma. Linganisha na mwenzako aliyeingia moja kwa moja mwaka wa kwanza wa uhandisi huku akijifunza lugha usiku: yeye ndiye ninayemhurumia.

Tena wewe unaanza ukiwa na akiba ambayo hujaihesabu. Kituruki hupanga viambishi katika neno moja kama tunavyofanya sisi. Neno "evlerimizde" ni nyumba, wingi, yetu, ndani, vyote vikiwa vimeshikana, na mtu anayesema "tutawapelekea" bila kufikiri hawezi kushtushwa na neno la namna hiyo. Utakuta pia "kitap", "saat", "haber", "hesap" na "defter", na hakuna atakayehitaji kukueleza maana yake, kwa kuwa sisi na wao tulichota katika lugha zilezile.

Nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kidato cha kwanza nikatupwa kwenye Kiingereza, na nikafaulu hadi kidato cha sita. Kwa hiyo lugha ngeni hainitishi. Nakosea? (Msomaji, Dodoma)

Umekosea, ingawa ujasiri wako naupenda. Tukumbushane ukweli wa kidato cha kwanza. Mwalimu aliandika maelezo ubaoni, tukayanakili. Alipouliza swali tulitazama madawati. Alipoona tumepotea alifunga kitabu, akaeleza kwa Kiswahili, tukaelewa, kisha tukarudi kwenye daftari na kukariri fasili ya osmosisi neno kwa neno kwa Kiingereza kwa ajili ya mtihani. Tulivuka kwa nguzo mbili: mwalimu aliyejua lugha yetu, na mtihani uliokubali maneno yaliyokaririwa.

Ukifika Urusi, Ufaransa au Algeria nguzo zote mbili hazipo. Mhadhiri hatageukia Kiswahili. Katika semina utaulizwa maoni yako juu ya makala uliyosoma jana, na kimya, ambacho kwetu huhesabiwa adabu, huko kitahesabiwa kwamba hukusoma. Nimewaona vijana werevu, walioongoza shule zao, wakikaa kiti cha mwisho muhula mzima na kuandika kila neno lililoonyeshwa kwenye slaidi, hadi tarehe na jina la mhadhiri, kwa sababu kunakili ndiko kulikowaokoa huko nyuma. Matokeo yakitoka wanasema chuo kina ubaguzi. Ubaguzi upo, siukatai, na ukikufika uutaje kwa jina lake. Lakini mara nyingi niliyoyaona mimi ni tabia ya kidato cha kwanza iliyosafiri ndani ya begi.

Ulichojifunza kwa kweli ni kuvumilia kutoelewa, nacho ni kitu kikubwa. Ongeza kimoja tu kabla ya kuondoka: zoea kuuliza swali kwa sauti, kwa sentensi mbovu, mbele ya watu. Anza na Kiingereza chako hapohapo Dodoma. Nami nitaendelea kusema, hata kama wapo wanaochoshwa nami, kwamba shule zetu zinamdhulumu mtoto zinapombadilishia lugha bila kumfundisha kuizungumza, na kwamba dhuluma hiyo humfuata hadi ughaibuni.

Wakala wa hapa kwetu anauza cheti cha lugha kwa wasio na muda wa kusoma. Kinakubalika? (Msomaji, Bujumbura)

Hicho ni cheti cha kughushi. Ubalozi ukikigundua utanyimwa viza, chuo kikikigundua utafukuzwa, na wasipokigundua utakaa darasani usielewe neno.

Siku hizi simu inatafsiri kila kitu. Kwa nini tujisumbue? (Msomaji, Unguja)

Simu itakusaidia kituo cha basi na kwenye lebo ya dawa ya meno. Jua kwanza kwamba huduma za Google hazifunguki China kwa mtandao wa kawaida, basi ile uliyoizoea utaiacha uwanja wa ndege. Jua pia kwamba Kichina ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti hubadilisha maana ya neno: "tang" ya toni ya kwanza ni supu, ya toni ya pili ni sukari, na ukiitamka vibaya mbele ya simu itakutafsiria kosa lako kwa usahihi kabisa. Zaidi ya hayo, hakuna mgonjwa atakayeieleza aibu yake kwenye kioo cha simu.

Daktari, nipo Nanjing mwezi wa tatu sasa. Tunaishi Waswahili sita ghorofa moja, tunapika pamoja, tunasaidiana, lakini lugha haijaingia hata kidogo. Nifanyeje bila kuwatupa ndugu zangu? (Msomaji aliyetoka Mombasa)

Usiwatupe. Ukiugua usiku wao ndio watakaokubeba, na ukifiwa nyumbani wao ndio watakaokaa nawe matanga. Ila hesabu saa zako za siku moja, uone ni ngapi unazitumia katika lugha ya mji. Nadhani utapata dakika chache, zote za kununua vitu.

Kwa hiyo kula chakula cha jioni na ndugu zako, na cha mchana kule nje wewe mwenyewe. Chagua mgahawa mmoja mdogo, uwe uleule kila siku, saa ileile kabla watu hawajajaa, mpaka mwenye duka akuzoee. Mimi niliokolewa na mama aliyeuza tambi karibu na lango la hospitali. Hakujua neno la Kiingereza, na kila nilipokosea toni alilirudia neno polepole, kijiko kikiwa hewani, wala hakunipa bakuli mpaka nimelisema sawasawa. Tafuta pia mwanafunzi Mchina anayetaka kuboresha Kiingereza chake, mpeane nusu saa kwa nusu saa, na msichanganye lugha ndani ya nusu saa ya kila mmoja. Kuhusu chumba, muhula ujao omba upangwe na mtu msiyeelewana lugha.

Kesho ukienda kula, agiza bila kunyooshea kidole picha ukutani.