Mbps 40, lakini faili linashuka kwa MB 5?

Ndugu yangu, umeuliza kama unapunjwa, kwa kuwa umelipia Mbps 40 (megabiti 40 kwa sekunde) na kompyuta inaonyesha MB 5 (megabaiti 5) kwa sekunde. Hupunjwi. Hizo namba mbili ni mwendo uleule.

Angalia herufi b. Ikiwa ndogo ni biti, ikiwa kubwa ni baiti, na baiti moja ina biti 8. Kampuni za intaneti hutangaza kwa biti, programu za kupakua huhesabu kwa baiti. Kwa hiyo gawanya kwa 8: 40 ÷ 8 = 5. Ukitaka kurudi kwenye biti, zidisha kwa 8. Faili la GB 1.5 ni MB 1,500. Ukigawanya kwa 5 unapata sekunde 300, yaani dakika 5.

Kupanda kutoka kilobiti kwenda megabiti, na kutoka mega kwenda giga, gawanya kwa 1,000. Hapa wengi hukosea kwa kutumia 1,024. Kwenye mwendo wa mtandao ni 1,000. Ile 1,024 ni ya vipimo kama MiB (mebibaiti, yaani baiti 1,024 × 1,024), vilivyopewa majina yao mwaka 1998, ila baadhi ya programu bado huviandika MB. Ukiona 4.77 badala ya 5, huenda sababu ni hiyo.

Tena data husafiri kwa vifurushi vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubeba anwani zake, nazo hula sehemu ya mwendo. Nikiona 4.6 kwenye laini kama yako, mimi naridhika. Ikishuka hadi 2, chomeka waya moja kwa moja kwenye ruta, upime upya kabla ya kulalamika.