Funga kitabu, kisha ujiulize

Nilirudi kwenye masomo nikiwa na miaka 37, baada ya kukaa kazini muda mrefu. Nikasoma vilevile nilivyosoma tangu utotoni: napigia mistari sentensi muhimu, narudia ukurasa uleule mara nne, mara tano, hadi nione kila neno nimelizoea. Usiku wa kuamkia mtihani nilikesha. Asubuhi swali la kwanza nikalitambua mara moja. Nilikumbuka hata kwamba jibu lake liko upande wa kushoto wa daftari, chini, karibu na mchoro. Jibu lenyewe halikuja. Nilifeli, na kilichoniuma zaidi ni kuamini kwamba umri ndio ulionifelisha.

Kama nawe umeshajiambia hivyo, sikia kwanza habari ya madereva teksi wa London. Ili kupata leseni, wanatakiwa kushika kichwani mitaa ipatayo 25,000, kazi ya miaka mitatu hadi minne. Mwaka 2011 Katherine Woollett na Eleanor Maguire walichapisha utafiti uliowafuatilia wanafunzi 79 wa kazi hiyo, watu wazima, wakipigwa picha za ubongo mwanzoni na mwishoni. Kwa waliofaulu, sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ndani ya ubongo linalohusika na kumbukumbu na kujua njia, ilikuwa imeongezeka. Kwa walioshindwa haikuongezeka, ingawa mwanzoni hapakuwa na tofauti kati yao. Waliofaulu waliachwa nyuma kidogo katika jaribio jingine la kukumbuka michoro; nalitaja kwa sababu sipendi kumuuzia mtu miujiza. Lakini ubongo wa mtu mzima hubadilika.

Basi kosa langu lilikuwa wapi? Nililiona nilipokutana na jaribio la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke la mwaka 2006. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu katika vipindi vinne mfululizo. Jingine lilisoma kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likajaribu kuandika linachokumbuka bila kutazama. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele. Wiki moja baadaye mambo yakageuka: wao walikumbuka kama asilimia 40, wenzao 61. Na hao waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka. Hapo nikajiona mwenyewe.

Kulitambua jambo ukiliona ni kitu kimoja, kulitoa kichwani ni kingine. Kila unapolivuta, njia ya kulifikia inaimarika. Macho yakipita tu juu ya maandishi, njia hiyo hukuipita.

Siku hizi nikimaliza kurasa mbili tatu nafunga kitabu, nachukua karatasi tupu na kuandika kila ninachokumbuka. Wiki za mwanzo zilikuwa chungu. Nilikuwa nikikodolea macho karatasi, najua kabisa nimelisoma jambo dakika kumi zilizopita, na halitoki. Ukifika hapo, usikimbilie kufungua kitabu. Kaa na ugumu huo kidogo, bahatisha hata kama utakosea, ndipo uangalie. Jibu ulilolihangaikia hukaa kuliko lile ulilopewa. Nilichokosa nakizungushia duara jekundu, na kesho yake naanza nacho. Halafu nakirudia baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki.

Kukesha nimeacha kabisa. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walionyesha kwamba seli za hipokampasi zilizofanya kazi pamoja panya alipokuwa akizunguka zilifanya kazi pamoja tena alipolala, kana kwamba anaipitia safari yake upya. Nilipokuwa nakesha, niliunyima ubongo wangu saa zake za kudurusu.

Mtihani ule niliurudia baada ya miezi sita, nikiwa nimelala vizuri, nikafaulu. Swali moja lilinigomea mwanzoni; nikaliruka, nikajibu mengine, nikalirudia, na jibu likaja.

Ukitaka kujaribu, kitabu kizima kisikutishe. Chukua ulichosoma jana, uandike unachokikumbuka kabla hujafungua chochote.